Uchambuzi wa kisa: Binti wa miaka 9 aliyeacha nyama, mdogo wake aliyemfuata, na damu iliyopungua njiani

Nani ni nani

Hii familia niliifuatilia kama mshauri wa lishe, nikishirikiana na daktari wa watoto aliyekuwa anawaona. Wamekubali niandike ili wazazi wengine wajifunze, ila majina, mahali, shule na kazi za wazazi nimeviondoa na vitu viwili vitatu vidogo nimevibadilisha wasitambulike. Kuna baba na mama, bibi mzaa baba anayeishi nao, na watoto wawili, binti wa miaka 9 ambaye nitamwita dada mtu na kijana wa miaka 4 ambaye ni mdogo mtu. Hamna mwenye ugonjwa wa kudumu wala mzio wa chakula.

Kitu kimoja cha kukijua mapema kuhusu hii nyumba: nyama ilikuwa mezani karibu kila siku, na kila kingine kilipikwa kuizunguka hiyo nyama. Mboga za majani zilikuwepo, vijiko viwili pembeni. Maharage yalipikwa pale tu nyama ilipokosekana, tena yanapikwa haraka haraka bila viungo, kwahiyo watoto walikuwa wamejifunza kwamba maharage ni chakula cha siku mbaya. Nasisitiza hili kwa sababu karibu kila kilichoharibika baadae kilianzia hapo.

Mama alikuwa anapunguza nyama mwenyewe kwa muda na moyoni alitamani nyumba nzima iache, ila alikuwa hajawahi kulisema waziwazi. Baba anakula nyama na hana mpango wa kuacha. Bibi anaamini mtoto asipokula nyama hakui, na haifichi hiyo imani yake.

Ilivyoanza

Dada mtu aliuliza mezani kuhusu kuku aliyekuwa kwenye sahani, ametoka wapi, alichinjwaje, na kama alikuwa na vifaranga. Akajibiwa ukweli. Akaweka kijiko chini, na tangu siku hiyo hajala nyama wala samaki. Watu wazima wote walidhani ni jambo la siku mbili tatu. Kumbe mtoto wa umri huo anaweza kabisa kuwa na msimamo wa kweli kuhusu wanyama, na huyu alikuwa nao.

Wazazi wakaenda njia mbili tofauti kwa wakati mmoja. Baba akasema hamna kutoka mezani mpaka sahani iishe. Mama akaona hii ndiyo nafasi aliyokuwa anaisubiri, akatangaza watoto wote wawili hawali tena nyama, samaki, mayai wala maziwa. Yaani mtoto alisema kitu kimoja kidogo, sili nyama, akajikuta katikati ya ugomvi wa watu wazima ambao hakuuanzisha yeye.

Wiki zilizofuata chakula chake kilikuwa hivi: asubuhi chai na mkate, mchana shuleni wali mkavu, jioni tambi au viazi na mboga kidogo, na chai tena juu yake. Nyama ilitoka kwenye sahani na pale ilipokuwa hapakuwekwa kitu. Huo sio mlo wa mboga, ni wanga mtupu na chai. Kila nikikutana na wazazi wenye wazo la kuwahamisha watoto kwenye mlo usio na nyama naanza na hili, manake ndilo linalotokea mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, na linatokea kwa wazazi wanaojali sana.

Mdogo mtu yeye alimuiga dada yake. Dada hali, na mimi sili. Lakini huyu ana miaka 4, yuko katikati ya ule umri wa kama miaka 2 hadi 6 ambao watoto wengi wanakataa chakula chochote kigeni, kwahiyo maharage hakuyataka, njegere hakuzitaka, mboga ndio usiseme. Mama akaogopa, akarudisha maziwa kwa huyu mdogo, na mtoto akawa anashinda na kikombe cha maziwa mkononi kutwa nzima na chakula hagusi.

Na bibi, huku wote wakibishana, akawa anachemsha supu ya nyama na kuwapikia watoto wali kwa hiyo supu kimya kimya.

Tulichokikuta walipokuja

Kilichowaleta sio ugomvi wa mezani. Ni mwalimu aliyesema binti anasinzia darasani na wakati wa michezo anakaa pembeni. Mama naye alikuwa ameona kapauka midomo na viganja.

Tulifanya vitu vinne. Tulimuomba mama aandike kila kinachoingia mdomoni kwa siku tatu, pamoja na chai na juisi, bila kubadilisha chochote ili kutufurahisha. Tulichora uzito na urefu wa wote wawili kwenye chati ya ukuaji tukilinganisha na vipimo vyao vya nyuma. Daktari alipima damu, na aliuliza pia kuhusu minyoo na upotevu wa damu, sababu damu kupungua isihukumiwe moja kwa moja kuwa ni kukosa nyama. Alafu nikakaa na dada mtu peke yake.

Hicho cha mwisho wengi wanakiruka. Mtoto anayekaribia kubalehe akiacha kundi zima la vyakula ghafla, inabidi mtu amuulize kwa upole kama anaogopa kunenepa, kama anaruka milo, kama anajificha kula. Kwa baadhi ya watoto kuacha nyama ni pazia la tatizo la kula. Kwa huyu haikuwa hivyo. Alikuwa na njaa, alisema anapenda chakula, ila hataki mnyama afe kwa ajili yake. Basi.

Majibu yalikuwa haya. Urefu mzuri kwa wote. Uzito wa dada mtu ulikuwa umesimama, haukuwa umeshuka ila mstari wake ulikuwa umelala wakati ulitakiwa kupanda. Hemoglobini yake, yaani kipimo kinachoonyesha kama damu inatosha, ilikuwa chini kidogo ya 11.5 g/dl, ambao ndio mpaka wa WHO kwa watoto wa miaka 5 hadi 11, na ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ilikuwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita. Mdogo mtu hakuwa na upungufu wa damu bado, ila akiba yake nayo ilikuwa inakaribia mpakani, na yeye alikuwa ameacha nyama kwa muda uleule tu. Maziwa mengi ndiyo yalikuwa yamechukua nafasi ya chakula tumboni, na maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno.

Baba alipoona karatasi alisema, "Si niliwaambia, hana protini huyu." Nikaona tufanye hesabu pamoja palepale. Mtoto wa miaka 9 hadi 13 anahitaji kama gramu 34 za protini kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15, glasi ya maziwa kama 8, yai moja kama 6. Hapo tumefika 29 na hatujahesabu mkate, wali wala karanga. Tena sio lazima uchanganye nafaka na maharage kwenye sahani moja kama wengi wanavyoambiwa, ilimradi ndani ya siku vyote vimepita. Protini ni rahisi kuipata. Kilichokuwa kimemponyoka huyu mtoto ni chuma, na nguvu kwa ujumla, na hamna mtu nyumbani aliyekuwa anaviangalia hivyo viwili kwa sababu wote walikuwa wanabishana kuhusu protini.

Tulichoamua na kwanini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuwatenganisha watoto. Dada mtu ana sababu yake na ameichagua mwenyewe, kwahiyo tunamsaidia aifanye vizuri. Mdogo mtu hajachagua kitu, anaiga tu, kwahiyo asiambiwe "sisi hatuli nyama" wala asilazimishwe kula. Kinawekwa mezani kinachokuwepo na yeye anaamua. Mama hili halikumfurahisha mwanzoni ila alilikubali alipoona kwamba kumlazimisha kuacha ni ileile nguvu ya baba, imegeuzwa tu upande.

Wa pili ulikuwa kurudisha mayai na maziwa kwa dada mtu, lakini tulimuuliza yeye. Nilimpa karatasi aandike anavyokula na asivyokula. Aliandika taratibu, nyama hapana, samaki hapana, supu ya mifupa hapana, mayai ndiyo, maziwa ndiyo, mtindi ndiyo sana. Alafu akanyanyua kichwa akauliza, "Na pipi za jeli je?" Alikuwa na pakiti kwenye begi, tukasoma lebo pamoja, ina jelatini, nikamuelewesha kwamba jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Akafikiria kidogo akaiandika upande wa hapana, akampa mama pakiti. Mimi hapo niliacha kuwa na shaka kama anajua anachokifanya.

Sababu ya kung'ang'ania mayai na maziwa ni vitamini B12. Hii kwa uhakika inatoka kwenye vyakula vya wanyama, vyakula vilivyoongezewa, au dawa. Anayekula kabisa bila vitu vya wanyama inabidi apewe B12 maisha yake yote, sio hiari, sababu ikipungua kwa mtoto inagusa damu na mishipa ya fahamu. Mama alikuwa amenunua unga wa spirulina (aina ya mwani) akiamini una B12, lakini iliyomo humo kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauitumii. Kwa umri wake anahitaji kama mikrogramu 1.8 kwa siku, glasi ya maziwa inakaribia 1.2 na yai kama 0.5, ukiweka na mtindi umemaliza. Kama siku moja atataka kuacha na hivyo, tutapanga upya na dawa ikiwemo. Kuhama hatua kwa hatua kunampa mtoto na jiko muda wa kujifunza.

Wa tatu, dawa ya chuma. Hapa naomba nieleweke, akiba ikishaisha chakula peke yake kinachukua muda mrefu mno kuijaza, kwahiyo daktari aliandika dawa ya miezi mitatu na kipimo cha kurudia. Na tuliwaambia waifungie juu kabisa, sababu vidonge vya chuma vimewahi kuua watoto wadogo waliovila kama pipi, na nyumba hii ina mtoto wa miaka 4.

Wa nne ulikuwa kuweka kabla ya kuondoa. Tulikubaliana kwamba kila mlo mkuu wa dada mtu lazima uwe na kitu kinachoshika nafasi ya nyama kwa kweli, iwe maharage, dengu, njegere, karanga au yai, na kiwe kimepikwa kwa mapenzi yaleyale iliyokuwa inapikwa nayo nyama, kitunguu kimeiva, viungo vipo, mafuta ya kutosha. Mafuta yasiogopwe kwa mtoto. Tumbo lake ni dogo, mboga na nafaka zisizokobolewa zina nyuzinyuzi nyingi zinamshibisha haraka kabla hajapata nguvu anayohitaji, ndio maana tuliongeza siagi ya karanga kwenye mkate, parachichi, ufuta, kijiko cha mafuta kwenye maharage.

Wa tano ndio ulikuwa mdogo kuliko yote na naamini ulisaidia kuliko mengi, chai ilihama. Chuma cha kwenye mimea kinanyonywa kwa shida kuliko cha kwenye nyama, na tanini za kwenye chai zinakibana zaidi. Hesabu za kitaalamu za Marekani zinasema asiyekula nyama alenge chuma mara 1.8 ya mwenzake, kwahiyo huyu badala ya miligramu 8 alenge kama 14. Kikombe cha maharage kina kama 4 hadi 5 tu, unaona mwenyewe pengo lilivyo, na kama hicho kidogo kinakutana na chai tumboni ndio basi. Tukasema chai saa moja au zaidi baada ya chakula, maziwa nayo glasi kubwa isinywewe na mlo wa maharage, badala yake maji na tunda lenye vitamini C, chungwa, pera, hoho mbichi, au limau lililokamuliwa juu ya maharage yenyewe. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, inapunguza fitati zinazobana chuma na zinki, na inapunguza gesi pia.

Kwa mdogo mtu maagizo yalikuwa mafupi. Maziwa vikombe viwili kwa siku, kwa muda maalum, sio kutwa. Karanga nzima asipewe, zinaweza kumkaba, apewe zilizosagwa.

Vita ya mezani

Nyumbani kazi haikuwa kwenye mapishi, ilikuwa kwenye kukaa. Tulitumia mgawanyo wa majukumu uliofundishwa na mtaalamu wa lishe wa Marekani Ellyn Satter: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua anakula au hali, na kiasi gani. Inasikika nyepesi ila kwa baba aliyezoea "maliza sahani" ilikuwa ngumu kweli.

Mwanzoni mama alijaribu kumpa mdogo mtu pipi kila akila vijiko vitatu vya maharage. Alikula, siku ile, na siku zilizofuata akawa anauliza bei kwanza, leo nikila napata nini. Mwanasaikolojia Leann Birch na wenzake walionyesha miaka ya 1980 kwamba mtoto akipewa zawadi ili ale kitu, baadae anakipenda kile kitu kidogo zaidi. Zawadi zikasitishwa.

Kilichokuja badala yake kinachosha kwa sababu hakionekani kama kinafanya kazi. Maharage machache yanawekwa kwenye sahani yake, hamna anayesema kitu. Mwanzoni aliyatoa moja moja akayapanga kwenye ukingo wa sahani kama askari, alafu akawa anayaponda kwa kidole, alafu akalamba kidole, alafu siku nyingine akatema. Mama alinipigia simu amekata tamaa kabisa. Nikamwambia huyo mtoto anasonga mbele, kugusa na kulamba na kutema ni sehemu ya kuzoea, na watoto wengi wanahitaji kukutana na chakula kigeni mara 10 hata 15 kabla hawajakikubali. Wazazi wengi wanaacha mara ya tatu au ya nne, wanasema hapendi.

Kilichomvusha mwisho wake ni dada yake. Sio kwa kumhubiria, alikuwa anakula tu pembeni yake, anachovya mkate kwenye mchuzi wa maharage na anafurahia. Birch aliliona na hili pia, mtoto mdogo akikaa na wenzake wanaopenda mboga asiyoipenda yeye, anaanza kuichukua. Akaanza kuchovya na yeye.

Baba tulimpa njia ambayo haimnyimi kitu: chungu kimoja cha msingi, mchuzi wa nyanya na viungo, nusu inatolewa na kuwekewa maharage, nusu nyama. Hamna anayepika mara mbili, hamna anayekula peke yake, na nyama ya baba haijadiliwi mezani. Dada mtu naye alikubali sharti lake, hatomwambia mtu mwingine maneno ya kumkinaisha akiwa anakula. Hilo lilitoka kwa baba, na binti akaona ni haki.

Supu ya bibi

Hapa ndipo tulikaribia kupoteza kila kitu. Dada mtu aliingia jikoni akakuta mifupa kwenye sufuria ambayo wali wake ulikuwa unapikiwa. Hakupiga kelele. Aliacha kula chochote kilichopikwa na bibi, hata mkate aliopaka siagi bibi, na kwa siku kadhaa alikula matunda na alichojichukulia mwenyewe tu. Mtoto mwenye upungufu wa damu, katikati ya matibabu.

Familia ilitaka mimi nizungumze na bibi, nikaona sio mahali pangu kumfundisha mama wa watu adabu ya nyumba yake. Nilimuomba baba akae naye, ni mama yake. Alafu bibi mwenyewe akamuita mjukuu. Mama alinisimulia walivyoongea:

"Mjukuu wangu, nilikuona umepauka. Niliogopa."

"Bibi, ungeniambia tu. Mimi sasa najuaje ulichoweka?"

"Basi njoo usimame hapa uone ninachoweka."

Na ikawa hivyo. Binti akawa anasimama jikoni bibi akipika. Kilichofuata hamna aliyekipanga, bibi anajua kupika maharage kuliko wote pale ndani, alikuwa tu hajaombwa. Kuloweka, kumwaga maji, kuchemsha mpaka yalainike kabisa, alikuwa anayajua yote kabla yangu. Akaanza kuyapika yeye, na hofu yake ikapata kazi ya kufanya.

Shule

Hili lilikwenda nusu. Mama aliongea na wahudumu wa jikoni shuleni, wakasema watamtolea vipande vya nyama wampatie mchuzi. Wao waliona wamemsaidia, yeye aliona ni mchuzi wa nyama uleule. Wakakubaliana siku za maharage anakula ya shule, siku nyingine anabeba yai la kuchemsha na mkate wa siagi ya karanga. Inafanya kazi ila anachoka kubeba, na wenzake wanamuuliza maswali. Nilimshauri mama amfundishe jibu fupi la kutoa, "mimi sili nyama, nawapenda wanyama," na akimaliza aendelee na mambo yake, asijitetee.

Matokeo

Baada ya dawa ya miezi mitatu hemoglobini ilirudi juu ya mpaka na akiba ya chuma ilipanda. Uzito ulianza kupanda tena kwenye mstari wake. Mwalimu alisema anashiriki michezo. Mdogo mtu, maziwa yalipopungua, njaa ikarudi, na akiba yake ilisogea mbali na mpaka bila dawa. Leo anakula maharage na njegere, na anakula nyama pia akijisikia, mara chache kuliko zamani bila mtu kumwambia. Baba anakula nyama, ila nyumba nzima inakula kunde na maharage siku nyingi za wiki na hamna anayesema ni siku mbaya.

Uchambuzi: kilichosaidia na kilichokwama

Kwa maoni yangu kilichosaidia zaidi ni kuacha kuuliza "nyama au sio nyama" na kuanza kuuliza "pale ilipokuwa pamewekwa nini". Mlo bila nyama kwa watoto unawezekana vizuri, chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani kiliandika mwaka 2016 kwamba ukipangwa ipasavyo unafaa hata utotoni. Neno la kushika ni ukipangwa. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2022, wa watoto karibu 9,000 wa miezi 6 hadi miaka 8, haukuona tofauti ya maana ya akiba ya chuma kati ya wanaokula nyama na wasiokula, ila wasiokula walionekana zaidi kwenye kundi la uzito pungufu. Hiyo inafanana kabisa na tulichokiona hapa, na ndio maana chati ya ukuaji ninaitaka kabla hata ya kipimo cha damu.

Cha pili ni kumheshimu mtoto kama mwenye uamuzi. Ile karatasi ya ndiyo na hapana ilibadilisha kila kitu manake sasa watu wazima walikuwa wanajua mipaka iko wapi na yeye alijua wanaijua. Supu ya siri ilivunja kitu hichohicho. Ukimficha mtoto nyama kwenye chakula unaweza kumpa miligramu moja mbili za chuma leo, na ukapoteza imani yake kwa mpishi kwa wiki nzima. Na hii inaenda pande zote mbili: mama aliyekuwa anasaga mboga kwenye blenda na kuzificha kwenye tambi za mdogo mtu, mtoto alipogundua aliacha na tambi zenyewe. Saga kama unataka, ila mwambie kilichomo.

Kilichokwama ni kasi. Mama alitaka kuondoa makundi manne ya vyakula kwa siku moja kwa watoto ambao walikuwa hawajawahi kupenda maharage. Maharage yalipokuja yalikuja mengi kwa mpigo, matumbo yakajaa gesi, na watoto wakapata sababu ya kuyachukia. Wangeanza na vijiko viwili kwa siku wakapandisha taratibu, kabla hata ya nyama kutoka, nusu ya taabu hii isingekuwepo. Soseji za soya alizonunua mama nazo hazikusaidia, dada mtu alizikataa kwa sababu zinafanana na nyama na mdogo mtu kwa sababu hazifanani vya kutosha.

Kupima damu kulichelewa pia. Mtoto aliyeacha nyama ghafla, na aliyekuwa hali kunde, asisubiri mpaka mwalimu aseme anasinzia.

Kwa mbele tumeweka kipimo cha damu mara moja kwa mwaka, na kingine pale hedhi itakapoanza, kwa sababu msichana akifika miaka 14 mahitaji ya chuma yanapanda hadi miligramu 15 hata kwa anayekula nyama. Chumvi ya nyumbani tumehakikisha ni yenye madini joto. Mchana wa shuleni bado hatujaumaliza, mama anaomba jikoni wawe wanatenga maharage kabla nyama haijaingia sufuriani, na wamesema watafikiria.